Kisiwa Alikotangulia Mama

Kile kidude cha kuwashia jiko langu la gesi kimekufa, na tangu tumalize arobaini ya baba nimekuwa nikiwasha kwa kiberiti. Kila asubuhi njiti inapolipuka, kabla moto haujatulia, harufu yake hunipanda puani nami nikasimama. Wanangu wameshazoea. Wanadhani nimesahau nilichokuja kupika. Siwaambii kwamba kwa kitambo kile kifupi siko Korogwe. Mimi ni mtoto ambaye hajaanza shule, nimesimama juu ya mawe meusi ya kisiwa chenye mlima wa moto, nimekumbatia ndala za mama yangu. Baba ndiye niliyekuwa naye siku ile. Sasa naye hayupo, na hakuna tena mtu hapa duniani ninayeweza kumwuliza kama njia ya kwenda kile kijiji ilipandia kulia au kushoto.

Tulikuwa tunaishi Mnyuzi, mimi na mama, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na reli. Baba alikuwa mpishi melini. Babu yake alikuja zamani kutoka kusini kukata mkonge, akafia kambini bila ndugu, na baba akakua akijua kwamba kwa upande wake ukoo ulikuwa mfupi, haukuhitaji mkeka mkubwa kukalia. Upishi alijifunza katika nyumba ya wageni ya shamba la mkonge, akaenda Tanga kutafuta maisha, na huko akachukuliwa na meli ndogo ya watalii, ile inayowabeba wazungu wazee wanaopenda kupelekwa mahali ambapo meli kubwa haziendi. Alikuja nyumbani mara chache. Akija alinuka vitunguu na mafuta, alilala sana, halafu aliondoka. Nilimjua kama watoto wanavyomjua mgeni wa sikukuu.

Mama alikuwa Mzigua wa Handeni, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na ahadi za haraka. Tukienda shambani kila mara kulikuwa na kitu alichokisahau ndani, jembe au chumvi au maji ya kunywa, naye aliniambia, "Tangulia, nakuja." Nami nilitangulia mpaka njia panda, palipokuwa na mikonge iliyojiotea yenyewe, nikamsubiri hapo. Hakuwahi kuchelewa. Ndiyo maana neno hilo halikuwahi kunitisha. Lilikuwa neno letu, mama na mimi. Anayetangulia anasubiri, na aliyebaki nyuma anakuja.

Aliugua mvua zilipoanza. Homa ilimshika ghafla ikamlaza, na jirani mmoja akaleta gari. Walimbeba kutoka kitandani bila viatu, na ndala zake zikabaki mlangoni, moja imepinduka. Niliigeuza nikaziweka sawa ili akirudi asihangaike. Siku ya pili gari lilirudi, na kabla sijasogea nikashikwa mkono na mke wa jirani, nikapelekwa kwake, nikawekewa ungo wa mbaazi nichambue. Sikuwahi kupewa kazi ya peke yangu namna ile, kwa hiyo niliifanya kwa bidii. Nikiwa katikati ya ungo nilisikia sauti nyingi za wanaume zikipita barabarani, zikirudia maneno yale yale ya Kiarabu kwa pamoja, kwa haraka, kama watu wanaokimbiza mvua. Zilikuja, zikawa kubwa, zikapungua, zikaisha. Nikaendelea na mbaazi.

Niliporudi nyumbani nilikuta kumejaa wanawake. Chumba cha mama kilinuka kafuri na sandali, na godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mama hakuwemo. Bibi, mama yake mama, alikuwa amefika kutoka Handeni, na alinipakata ingawa magoti yake yalikuwa mabovu hata wakati ule.

"Mama yako ametangulia, mwanangu," aliniambia. "Sote tutamfuata."

Nikamwuliza lini. Akasema siku Mungu akipenda, kisha akajifunika uso kwa ncha ya khanga.

Mimi nilipumua. Watu wazima waliokuwa karibu walinitazama kwa huruma, wakasema mtoto hajui kitu, na kweli sikujua, lakini nilidhani najua zaidi yao. Kama mama ametangulia basi yuko mahali fulani amesimama ananisubiri. Kitu kimoja tu kilinikera, nacho ni kwamba alikwenda pekupeku.

Baba alifika siku nyingi baadaye, kwa sababu meli ilikuwa mbali. Watu walimpa mkono wa pole uwanjani, akapelekwa mahali na wanaume wawili, akarudi na udongo mwekundu kwenye magoti ya suruali. Hakula siku hiyo. Kuanzia hapo hakuna aliyelitaja jina la mama mbele yangu. Mazungumzo yakilikaribia yalisimama, mtu akakohoa, mwingine akaniuliza kama nimekunywa uji. Nilifikiri wamekubaliana kuficha jambo zuri, kama wanavyofichwa watoto nguo za Idi mpaka asubuhi yenyewe. Kwa hiyo na mimi sikuuliza. Nilikaa kimya na siri yangu, nao walikaa kimya na yao, na nyumba ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Mpango ulikuwa arobaini ikiisha niende kukaa Handeni kwa Bibi, baba arudi melini. Lakini nilikuwa nimemganda baba kama kupe. Akienda msalani nilimsubiri nje. Akilala nilishika shati lake. Hata mlenda wa Bibi, niliokuwa naupenda kuliko nyama, ulinishinda kumeza, kwa sababu niliogopa kwamba nikishughulika na sahani yeye ataondoka. Niliona wazi kwamba zamu ya kumfuata mama ilikuwa inaanzia kwake, na mimi nitaachwa. Bibi hakujua sababu, lakini macho alikuwa nayo. Alimwambia baba kwamba huyu mtoto akiachwa sasa atamfia mikononi, kwa hiyo amchukue japo safari moja, aone baba yake anakokwenda, labda ndipo atakubali kubaki.

Baba aliomba. Meli ilikuwa inaanza msimu ikiwa na abiria wachache, na nahodha, mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe, akakubali kwa safari moja tu. Baba alihangaika Tanga mpaka akapata hati yangu ya kusafiria. Jioni aliporudi alinikalisha mlangoni.

"Nitakupeleka mbali," alisema. "Kisiwani. Mahali ambapo watu wachache sana wamefika."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Nikasema sawa, kwa sauti ya kawaida kabisa, maana sikutaka ajue kwamba nimeshajua. Alipokwenda kuoga nilichukua ndala za mama, nikazifunga katika khanga yake moja, nikaziweka chini kabisa ya nguo zangu. Asubuhi ya kuondoka Bibi alinishika kichwa akaniombea dua ndefu, na nilishangaa kwa nini hakutuma salamu.

Meli ilikuwa nyeupe, na kwangu ilikuwa kubwa kama kiwanda cha mkonge kilichowekwa majini, ingawa baadaye nilikuja kujua kwamba kwa meli ilikuwa ndogo sana. Sisi wa jikoni tulilala chini, katika chumba chenye vitanda viwili vilivyopandana, bila dirisha. Mashine ilinguruma ukutani kama ya kusaga mahindi, na sikuacha kusubiri isimame ili tupewe unga. Nilitapika sana mwanzoni. Baba alinipa ndimu nilambe na kuniweka kwenye ngazi ya nyuma niangalie mbali, kisha akarudi kwenye masufuria yake, kwa sababu watu wanakula hata kama mtoto wako anatapika.

Sikuwa na mtu wa kuongea naye. Wenzake baba walikuwa wa mataifa mengi, wakaninunia au wakanichekea kwa kadiri ya kazi waliyokuwa nayo. Abiria walinipungia mkono kama mtu anavyompungia mtoto aliye upande wa pili wa mto. Mmoja tu, bibi mmoja mrefu aliyekula peke yake kwenye meza ya watu wawili, alikuwa akija kukaa karibu na ile ngazi na darubini yake shingoni. Hatukuwa na lugha. Siku moja aliivua akanivalisha, akanionyesha jinsi ya kuzungusha kile kigurudumu cha katikati, na bahari iliyokuwa mbali ikaja puani kwangu. Niligutuka nikarudi nyuma. Naye hakucheka, jambo lililonifanya nimheshimu.

Katika ukumbi wa abiria kulikuwa na picha ya kule tunakokwenda. Ilionyesha mlima wenye mdomo, na ndani ya mdomo mna wekundu. Mwalimu wetu wa madrasa Mnyuzi alikuwa ametuhadithia habari za moto, nami nilijua vizuri moto ni wa nani na unangoja nani. Nilimfuata baba jikoni, nikamkuta anakanda unga wa mikate, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko.

"Baba, watu wa huko wanaungua?"

"Watu gani?"

"Walioko huko."

Aliendelea kukanda. Akaniambia hawaungui, wanalima ndizi na kuvua samaki kama watu wengine, moto uko juu kabisa ndani ya mlima, nao wanaishi chini. Alisema yeye mwenyewe ameshafika na ni watu wema, Waislamu, na lugha yao haiko mbali na yetu. Nilirudi kwenye ngazi yangu mwepesi kama karatasi. Ndizi mama alizijua. Hatapata shida.

Asubuhi tuliyofika niliinusa nchi kabla ya kuiona. Harufu ya kiberiti ilikuja na upepo, nyembamba, inaondoka na kurudi. Kisha ukungu ukapanda na mlima ukawa pale, mweusi na kijani, umevaa wingu kiunoni, na juu yake moshi mdogo uliosimama wima. Kisiwa hicho kilikuwa kimojawapo cha visiwa vya Komoro, upande wake usio na bandari wala barabara ya maana. Mto wa mawe uliwahi kushuka zamani kutoka kwenye ule mdomo ukiwa moto, ukaingia baharini ukafia hapo, ukaacha ufuko mweusi uliokunjamana kama ngozi ya tembo. Bibi wa darubini alikuwa ameshasimama kwenye ukingo. Nilimnyooshea mikono, akanipa. Nilizungusha kigurudumu mpaka ufuko ukaja, na juu yake nikawaona wanawake wamesimama kwa kundi, wamejitanda nguo za rangi rangi, wanatutazama.

Nilipita uso mmoja mmoja. Nyuso zao zilikuwa za njano, zimepakwa kitu, na kwa mbali zilifanana zote. Nyuso ziliruka kwenye darubini. Nilirudia kutoka mwanzo.

Abiria walishushwa kwa boti za mpira, wakiwa na fimbo zao na kofia, wakaondoka na waongozaji kupanda mlimani kwa kadiri magoti yao yatakavyoruhusu. Baba alishuka na masanduku ya vyakula, kwa sababu walitakiwa wakirudi wakute chakula pale ufukoni, nami nikashuka naye, kifurushi changu kwapani. Aliniambia nikae kivulini nisiende mbali. Mawe yalikuwa ya moto na makali, hata kupitia soli za viatu niliyasikia. Niliwaza miguu ya mama.

Wanawake walikuja karibu na madafu na vikapu. Sasa niliona kwamba ile njano usoni ilikuwa unga wa mti uliosagwa na maji, wameupaka kama urembo, na mmoja alipoinama kuweka kikapu chake harufu yake ikanifikia. Ilikuwa sandali. Ilikuwa harufu ya chumba cha mama siku ile godoro lilipoegemezwa ukutani. Kila kitu kikakaa sawa kichwani mwangu. Hawa ndio wenzake. Hivi ndivyo wanavyopakwa waliotangulia. Yule mwanamke alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, miguu mitupu yenye nyufa, na alipojitwika kikapu chake kitupu akageuka kurudi kijijini, mimi nikamfuata.

Njia ilipanda kati ya mawe meusi na migomba. Alitembea haraka. Nilimfuata bila kusema kitu, kama nilivyozoea kufuata mgongo wa mama tukirudi shambani, mpaka tukafika kwenye nyumba za kwanza, za mawe na za makuti, na watoto wakasimama kunishangaa. Ndipo alipogeuka akaniona. Akasema maneno mengi. Nilishika "mwana" tu, mengine yalipita kando ya masikio yangu, karibu kabisa lakini hayaingii, kama mtu anayeongea Kiswahili ndotoni. Nikamwambia namtaka mama. Hilo alilielewa. Akatazama njia niliyojia, kisha akatazama uso wangu, akaketi kwenye kibaraza akaniweka karibu naye.

Nikafungua kifurushi. Nilimwonyesha ndala. Nikamwambia mama aliondoka bila viatu na mawe ya huku ni mabaya, naomba aniitie. Alizishika ndala, akazigeuza, akaona zilivyolika upande wa kisigino. Aliniletea maji katika kibuyu, nikanywa huku nikichungulia milango ya zile nyumba, mmoja baada ya mwingine. Kwenye kila mlango kulitokea mtu, na kila mtu alikuwa mwingine.

Sijawahi kuwa mpweke namna ile, si kabla wala baada, nami nimeshazika watu. Nilikuwa nimefika mwisho wa dunia, mahali penyewe, na hakuna aliyenitambua.

Baba alifika anahema, aproni bado iko kiunoni, uso umepauka kwa hofu. Nilidhani atanipiga. Aliponiona alisimama, akawaamkia wenyeji kwa pumzi iliyokatika, akachuchumaa mbele yangu.

"Unatafuta nini huku?"

"Mama."

Hakuelewa. Akauliza mama yupi.

"Mama yangu. Bibi alisema ametangulia. Nimemletea ndala zake."

Baba alikaa chini. Hakuchagua mahali pa kukaa, alikaa tu pale alipokuwa, juu ya jiwe. Alizitazama ndala mikononi mwa yule mwanamke kwa muda mrefu, na mimi nikaanza kuogopa, kwa sababu uso wake ulikuwa unafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Mama yako amekufa," alisema. "Amezikwa Mnyuzi. Hayuko hapa, mwanangu. Hayuko mahali popote ambapo meli inafika."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Nilichelewa."

"Basi hujui," nikamwambia.

Nikangoja anijibu, maana nilitaka sana awe na jibu, lolote lile. Badala yake alichukua aproni akajifunika uso nayo, akalia. Alilia kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayejaribu kuinua gunia lililomzidi nguvu na hataki kuliacha. Sikuwa nimewahi kumwona analia. Mnyuzi alikuwa amepokea mikono ya watu na kuitikia amina, lakini hakulia. Nadhani na yeye alikuwa hajui. Alikuta kaburi limeshafunikwa, akaonyeshwa kwa kidole, akarudi nyumbani na udongo kwenye magoti, na moyoni mwake mama bado alikuwa Mnyuzi, anapika, kama alivyokuwa kila mara yeye akiwa baharini.

Yule mwanamke aliuliza, na baba akamweleza kwa maneno ya kuokoteza, nusu ya kwao, nusu ya kwetu. Aliposikia akasimama akaita. Aliita kwenye nyumba hii na ile, bila kelele, na watu wakatoka. Mikeka ikatandikwa uani. Mtu akaleta makaa kwenye kigae na ubani. Wanaume walikaa upande mmoja pamoja na baba, wanawake upande wa pili, na mimi nikawa baina ya magoti ya yule mama wa sandali. Mzee aliyeongoza kisomo akamwuliza baba jina la marehemu.

"Zaina," baba alisema.

Lilikuwa halijatajwa tangu siku ile. Niligeuka, nikitarajia nani sijui aitike. Wakaanza kusoma. Yasini niliijua, ilikuwa ile ile ya madrasa yetu, ikiwa na sauti nyingine. Lakini walipomaliza wakaingia kwenye tahalili, la ilaha ila llah, la ilaha ila llah, kwa pamoja, tena na tena, nami mwili wangu ukafahamu kabla yangu. Zilikuwa zile sauti za barabarani. Ndiyo maneno yaliyokuja, yakawa makubwa, yakapungua, yakaisha, mimi nikiwa na ungo wa mbaazi mapajani. Walikuwa wamembeba. Mama alipita nje ya ukuta wa jirani, karibu kiasi cha kuitwa, na mimi nilikuwa nachambua.

Sikupiga kelele. Nililala kifudifudi kwenye mapaja ya mtu nisiyemjua, na mkono wake ukakaa mgongoni kwangu mpaka dua ikaisha.

Baadaye baba alitaka kuchukua zile ndala. Alizishika, akaziangalia, kisha akanirudishia mimi. Akaniambia vitu vya maiti hutolewa sadaka, kwa hiyo nimpe ninayemtaka. Nilitazama miguu yenye nyufa ya yule mama. Nilimpa. Hakukataa wala hakushukuru kwa maneno mengi. Alizivaa palepale, mbele yangu, na zilikuwa ndogo kwake, kisigino kikabaki nje.

Tuliposhuka ufukoni abiria walikuwa wamerudi kutoka mlimani, wamechoka na wamefurahi, nguo zao zote zinanuka kiberiti. Chakula hakikuwa tayari. Wenzake baba walikuwa wamefanya walichoweza. Mtu fulani lazima alimweleza nahodha, kwa sababu hakumgombeza baba, alimpokonya kisu tu akaanza kukata mananasi mwenyewe. Bibi wa darubini alinitazama mara moja, akaja kukaa karibu yangu, na hatukuwa na lugha kama kawaida.

Njiani kurudi nilikula. Baba alinipikia uji wa kawaida, akanisimulia habari za mama kabla sijazaliwa, jinsi alivyomkuta gulioni Handeni akibishana na mwuza nyungu na akashinda. Alikuwa anaongea mgongo amenipa, mikono kwenye sinki. Nadhani hakuweza kuongea akinitazama. Nilikuwa na baba sasa, baba mwenye sauti, lakini kila alichonipa kilikuwa cha mtu asiyekuwepo.

Nilikubali kubaki Handeni. Nililelewa na Bibi mpaka nikamaliza shule, na baba aliendelea kuja na kuondoka mpaka macho yalipopungua nguvu akaacha kazi, ndipo nikamchukua kwangu Korogwe. Shuleni mara moja nilisema nimekwenda kwa meli kwenye mlima unaotoa moshi, wenzangu wakacheka mpaka mwalimu akawanyamazisha, naye mwenyewe alikuwa anatabasamu. Sikusema tena. Baba na mimi tulilitaja jambo lile mara moja tu, karibu na mwisho wake. Nilikuwa namnywesha dawa, akaniuliza yule mama aliitwa nani. Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hakumwuliza. Tukakaa tukilifikiria hilo, watu wawili tuliosomewa dua na mtu tusiyeweza kumtaja katika dua zetu.

Lakini kabla ya Handeni, tuliposhuka melini Tanga, tulipitia Mnyuzi, ambako Bibi alikuwa anatusubiri. Baba alisema anataka kunipeleka makaburini. Bibi alisema kwao mtoto wa kike hapelekwi makaburini. Baba hakubishana, alisema tu kwamba huyu atakwenda, na Bibi akatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akachukua khanga yake akanifunga kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

Palikuwa nje kidogo ya kijiji, penye majani yaliyokatwa juzi. Baba alinionyesha. Lilikuwa tuta la udongo mwekundu lililoanza kushuka kwa mvua, na magugu madogo yameota ubavuni. Alisoma alichosoma, kisha akasogea pembeni akaniacha. Nilikaa chini. Kwa muda mrefu sikuwaza kitu. Siafu walikuwa wanapita kwenye ukingo wa tuta, wamebeba bawa la mdudu, wanalivuta, linawaponyoka, wanalivuta tena. Treni ya mizigo ilipita nyuma ya miti, sikugeuka. Watu wawili walikatiza njiani wakielekea shambani, mmoja wao mwanamke, na walishapita nilipogundua kwamba sikumtazama usoni. Tangu siku ile ya mbaazi, mwanamke alikuwa hajanipita nisimwangalie kama ni yeye.

Nikainuka nikamwambia baba kwamba nina njaa.